‘Kurenda’ na faili zisizo na jina

Kitengela, kando ya Barabara ya Namanga, studio za video za arusi zimebanana na maduka ya simu. Katika mojawapo nilimsikia kijana akimwambia mwenzake: “Diski imejaa, buda. Futa zile za kurenda.” Mwenzake akamjibu: “Zipi sasa? Hata ile ya mteja ni ya kurenda.”

Swali hilo ni la msamiati kabla ya kuwa la kompyuta, na arusi ya mtu ilikuwa ikining’inia juu yake.

Neno lenyewe limetembea. Kilatini kilikuwa na ‘reddere’, yaani kurudisha. Wafaransa wakalifanya ‘rendre’, Waingereza wakalichukua kwao, kisha mafundi wa kompyuta wakalitwika kazi ya kukokotoa picha hadi ionekane. Premiere ya kampuni ya Adobe ilipotoka mwaka 1991, kompyuta zilikuwa goigoi mno kuonyesha madoido ya picha papo hapo. Programu za namna hiyo zilikokotoa kipande mara moja, zikaweka matokeo diskini na kuyachezesha kutoka huko. Ukiyafuta, hukokotolewa upya, mradi picha asilia na faili ya mradi zipo. Ukifuta picha asilia, umekwisha.

Wazee wa filamu hawakutatizika hivi. Walikata nakala ya kazi huku negatifu imehifadhiwa, na kila kimoja kilikuwa na jina lake. Vijana wetu wana kitenzi kimoja, ‘kurenda’, kwa faili za kupita na kwa video kamili anayokabidhiwa mteja. Hapo ndipo hatari ilipo.

Mbona tusiziite ‘manyata’, kwa kuwa tuko Kajiado? Katika Kimaa, ‘emanyatta’ ni makazi ya morani, yanayohamwa muda wake ukiisha. Boma la familia ni ‘enkang’. Sisi tuliolikopa neno tukaliita kila boma la Wamaasai manyata, hata lile la kudumu. Cha muda kikageuka nyumbani. Neno lililokwisha kupoteza maana ya kupita haliwezi kutusaidia hapa.

Napendekeza ‘faili za mpito’. Msomaji wa gazeti analijua neno hilo kutokana na serikali za mpito (ingawa zile hazifutiki kirahisi). ‘Faili za muda’ si kosa, ila ‘muda’ katika chumba cha kuhariri pia ni urefu wa video, na mkanganyiko utarudi kwa mlango wa nyuma.

Basi folda ziwe tatu: ‘picha asilia’, ‘faili za mpito’ na ‘nakala ya mteja’. Diski ikijaa, mradi ukiwa umefungwa, inaguswa ile ya katikati peke yake. ‘Kurenda’ kibaki kitenzi. Sina ugomvi nacho.