Kapteni wa Kawetele: Kuisoma Picha ya Afisa wa Kijerumani



Picha nitakayoizungumzia jioni hii imetundikwa ukutani katika nyumba moja ya Kawetele, Tukuyu, ndani ya fremu ya mbao iliyokwisha kuliwa na mchwa upande mmoja. Ameketi afisa wa Kizungu, mguu juu ya mguu, kofia magotini. Nyuma yake amesimama askari Mwafrika aliyevaa tarbushi yenye tai wa chuma. Mzee mwenye nyumba, ambaye jina lake sitalitaja, aliniambia kwa yakini: "Mwalimu, huyo aliyeketi ni Leto mwenyewe. Aliyesimama ni babu yangu."

Kauli ya pili sina sababu ya kuitilia shaka. Ya kwanza ndiyo iliyonifanya niiombe picha ishushwe, tuitoe nje kwenye mwanga.

Si ajabu jina la Paul von Lettow-Vorbeck kutajwa huku. Tukuyu, ambayo Wajerumani waliiita Neu-Langenburg, ilitekwa na majeshi ya Jenerali Northey kutoka Nyasaland mwezi Mei 1916, na mwezi Oktoba 1918 safu ya Lettow ilipita Njombe na kufika Mbozi kabla ya kuvuka kwenda Rhodesia ya Kaskazini. Umaarufu wake umewameza wenzake wote, hata kila Mjerumani mwenye sharubu akawa Leto. Lakini sare haina adabu kwa umaarufu. Lettow alifika Dar es Salaam Januari 1914 akiwa luteni kanali. Mabega ya maafisa wa cheo hicho yalikuwa na kamba za fedha zilizosokotwa kama msuko wa nywele, na nyota moja juu yake. Mabega ya afisa wetu yana kamba zilizonyooka sambamba, na nyota mbili. Huyo ni kapteni. Luteni angekuwa hana nyota, na luteni wa kwanza angekuwa na moja.

Hapa yafaa nitoe tahadhari, kwa kuwa mimi mwenyewe nilinaswa. Kofia ya rangi ya kijivu, yenye ukingo uliokunjwa juu upande wa kulia, ilivaliwa na jeshi la kikoloni la Kijerumani, yaani Schutztruppe, na rangi ya utepe wake ilitofautisha makoloni: mweupe kwa Afrika Mashariki, wa buluu kwa Afrika Kusini-Magharibi, mwekundu kwa Kameruni. Nilipoona utepe mweupe nikafurahi. Furaha hiyo ilikuwa ya haraka mno. Vioo vya picha vya zama zile havikuiona rangi kama jicho linavyoiona: buluu ilitokea nyeupe-nyeupe, na nyekundu ikatokea nyeusi. Utepe wangu "mweupe" ungeweza kabisa kuwa wa buluu. Hatari hiyo hiyo ipo katika tepe za nishani, ambazo wapenzi wa mambo haya huzitambua kwa rangi kana kwamba rangi zipo pichani. Tena kioo kikigeuzwa wakati wa kusafisha picha, kulia huwa kushoto. Ndiyo maana nilianza kwa kutazama vifungo vya koti na upande wa nishani, nikaridhika kwamba picha haikugeuzwa.

Nishani ndizo zilizotupatia tarehe. Msalaba wa Chuma haupo. Msalaba huo ulirejeshwa Agosti 1914, na ingawa kutokuwapo kwake hakuthibitishi kitu peke yake, kapteni wa jeshi la Lettow aliyepigana miaka miwili mitatu asiwe nao angekuwa mtu wa pekee. Ipo, hata hivyo, medali moja ya duara, na juu ya utepe wake kimebanwa kipande chembamba cha chuma chenye maandishi. Hiyo ni Medali ya Makoloni iliyoanzishwa na Kaisari Wilhelm wa Pili mwaka 1912. Kwa kioo cha kukuzia niliweza kusoma mwisho wa maandishi yale: 1905/07.

Basi picha ilipigwa baada ya 1912, na yamkini kabla ya vita kuu. Aliyeketi alipigana katika vita vya Maji Maji. Lettow hakupata kuwa huku miaka ile. Mwaka 1904 hadi 1906 alikuwa Afrika Kusini-Magharibi. Kikosi kilichokuwa karibu na Tukuyu kilikuwa Kampuni ya Tano, yenye kambi Masoko kando ya ziwa, na mkuu wake vita vilipoanza alikuwa Kapteni von Langenn-Steinkeller, aliyejeruhiwa vibaya katika shambulio la Karonga tarehe 9 Septemba 1914. Je, ndiye huyu? Sare hutoa cheo, silaha na majira, jina haitoi. Jina hutafutwa katika orodha za maafisa zilizochapishwa Ujerumani, kisha uso ulinganishwe na picha nyingine yenye jina lisilo na shaka. Mpaka hapo nitamwita kapteni tu. Wazee wetu walikuwa na njia yao: Tom von Prince walimwita Bwana Sakarani, na Zelewski, aliyeuawa Lugalo mwaka 1891, Wahehe walimwita Nyundo. Jina la namna hiyo lingetufaa kuliko nishani, lakini familia hii haikulihifadhi.

Askari je? Ana tepe mkononi, kwa hiyo hakuwa kuruta: ama ombasha, ama shaushi, ama zaidi. Hakuna orodha iliyochapishwa kila mwaka itakayonipa jina lake. Jina lake ninalo kwa sababu mjukuu wake analo.

Nilimweleza mzee yote haya, na nikafika mahali ambapo nilitamani nisifike. Tepe hazipatikani kwa siku moja. Ikiwa babu alimtumikia kapteni huyu, au kapteni mwingine, tangu 1905, basi yamkini naye alikwenda Ubena, Upangwa au Ungoni, ambako mashamba yalichomwa na maghala kutekwa mpaka njaa ikaua watu wengi kuliko risasi, na ambako askari walijitwalia wanawake kama sehemu ya nyara. Songea, ambako viongozi wa Wangoni walinyongwa Februari 1906, Rais Steinmeier wa Ujerumani alikwenda kuomba msamaha Novemba 2023. Mzee alikuwa ameisikia habari hiyo redioni.

Alikaa kimya kitambo, akiifuta picha kwa kiganja.

"Bibi yetu alikuwa Mpangwa," alisema. "Hatukuwahi kuuliza alifikaje huku."

Nilimwomba tuifungue fremu, kwa kuwa wapiga picha wengine walipiga mhuri au kuandika nyuma. Tuliondoa misumari minne yenye kutu. Nyuma ya picha, kwa penseli iliyofifia, paliandikwa neno moja, Massoko, kwa tahajia ya Kijerumani; na chini yake, kwa mwandiko mwingine na wino wa baadaye, jina la babu.