Mpamba katika Bonde la Ruzizi: Kutoka Kichaka cha Kijijini hadi Zao la Lazima

Kiswahili hutenganisha mpamba na pamba: neno la kwanza ni mmea, la pili ni zao lake. Tofauti hii ndogo ya ngeli yafaa ikumbukwe na yeyote anayechunguza historia ya Uvira na pwani ya kaskazini ya Ziwa Tanganyika, kwa kuwa utawala wa kikoloni uliitaka pamba, na kwa kuitaka ukaubadili mpamba.

Kwa maumbile yake mpamba ni kichaka cha kudumu. Umo katika jamii moja na mbamia na mbuyu, na udugu wake na mbamia huonekana katika ua: petali tano za rangi ya maziwa au manjano, ambazo kwenye mpamba hugeuka kuwa za waridi baada ya siku moja. Usipong'olewa huishi miaka kadhaa. Richard Burton, aliyefika Uvira pamoja na John Speke mwezi wa Aprili 1858, aliutaja mpamba kuwa mmea wa vijijini katika nchi za bara, akaihesabu Ujiji miongoni mwa mahali penye ardhi yenye rutuba ya kuustawisha.

Hata hivyo, Uvira ya wakati huo haikujulikana kwa pamba. Kituo hicho cha wafanyabiashara, kilichokuwa cha kaskazini kabisa ziwani, kilitoa pembe za ndovu, watumwa, nafaka, vyombo vya chuma na nguo za magome ya miti. Kitambaa cha pamba kilitoka mbali. Kilichokuwa mashuhuri zaidi, merikani, kilifumwa Marekani kwa pamba iliyolimwa na watumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko, vya 1861 hadi 1865, vilipoikatiza biashara hiyo, nafasi yake ilichukuliwa na vitambaa vya Uingereza na India, jina likabaki.

Mabadiliko makubwa yalikuja chini ya utawala wa Kibelgiji. Sheria ya Februari 1917 iliwapa watawala uwezo wa kuwalazimisha wanavijiji kulima mazao yaliyochaguliwa. Amri ya 1921 iligawa nchi za pamba katika maeneo, kila eneo likiwa na kampuni yenye haki ya peke yake ya kununua na kuchambua pamba ya wakulima. Bonde la Ruzizi, lenye joto na ardhi tambarare, liliingizwa katika mpango huo. Bei iliwekwa na serikali. Mwaka 1933 kazi za lazima ziliwekewa kikomo cha siku 60 kwa mwaka. Mwaka 1942, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kikomo kilipandishwa hadi siku 120. Aliyekaidi alitozwa faini au alifungwa.

Lisilotajwa mara nyingi ni lile lililoupata mmea wenyewe. Wadudu na magonjwa husalia katika mashina baada ya mavuno. Kwa hiyo mkulima alitakiwa kung'oa mipamba yake na kuichoma kila mwaka, kisha kuanza upya kwa mbegu alizogawiwa. Sababu hiyo ya kitaalamu ilikuwa ya kweli. Lakini kichaka cha kudumu kikawa zao la msimu, na kila msimu ukadai kulima, kupanda, kupunguza miche, kupalilia, kuchuma na kubeba mzigo hadi kituo cha ununuzi. Siku hizo zilitolewa katika siku za mihogo, mahindi na maharage.

Uhuru ulikuja mwaka 1960, na Mei 1964 waasi waliiteka Uvira, wakiwamo wakulima wengi wa Kifuliiru wa bondeni. Chanzo cha uasi huo hakikuwa kimoja, wala haingekuwa sahihi kuyarejesha yote kwenye pamba. Hata hivyo, bonde hilo lilikuwa limelea kizazi kizima kilichoijua serikali kwa njia ya shamba la lazima.

Kwa sababu hiyo, historia ya pamba ya Ruzizi haiwezi kukamilika kwa hesabu ya tani pekee. Hapana budi kuuliza pia ni siku za nani zilizotumika, na ni chakula gani ambacho hakikulimwa.