Uchungu wa Gome Si Ushahidi

Hapa Singe ukishikwa na homa, hakosi mtu wa kukuletea gome la mti akakwambia: onja, ni chungu, hii dawa kweli. Ngoja nikusimulie.

Karne ya 17, Ulaya ilianza kununua gome la sinkona, mti wa kwinini, kutoka Amerika ya Kusini ili kutibu malaria. Bei ikapanda, ghushi ikaingia. Watu walichukua magome ya miti mingine, wakayaloweka katika shubiri yakawa machungu. Mgonjwa alionja, akaridhika, akalipa. Homa ikabaki palepale.

Mwaka 1820, jijini Paris, Pelletier na Caventou walitenga kwinini yenyewe kutoka kwenye gome. Tangu hapo swali likabadilika. Si "ni chungu?" bali "lina kwinini kiasi gani?" Gome linasagwa, kwinini inatolewa na kupimwa kwenye mizani. Shubiri inaudanganya ulimi, mizani haiidanganyi.

Hata kwetu, Wajerumani walipanda sinkona Amani, Usambara, walikofungua taasisi ya utafiti mwaka 1902. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipowafungia bahari, walitumia gome hilo kuwatengenezea askari wao kwinini.

Na Waislamu walitangulia kulijua tatizo hili. Karne ya 12, huko Sham, al-Shayzari aliandika kitabu cha kumfundisha muhtasib, msimamizi wa soko, kugundua dawa zilizoghushiwa.

Basi ndugu yangu, ukiumwa homa, nenda kapime damu kwanza. Na wewe muuzaji: uchungu unaweza kuuongeza kwa shubiri. Uaminifu utauongeza kwa nini?