Bankambo Wetu Tutawataja kwa Jina Gani?



Desturi ya vitabu vya jubile inajulikana. Husimulia nani alifika wa kwanza, nani alijenga kanisa, nani alileta kengele. Sisi nasi tulitaka kufanya hivyo. Tukafungua daftari za kale za ubatizo, tukiwa na kalamu na karatasi, tukidhani kazi itakwisha kwa juma moja. Haikwisha. Katika kurasa za zamani mkono wa padri umeandika jina la mtakatifu kwa wino mzuri sana. Lakini jina la nyumbani, lile alilopewa mtoto kwa ajili ya nkambo wake, mara limefupishwa, mara limeandikwa kama sikio la mgeni lilivyolisikia, mara halipo kabisa. Akina Yozefu ni wengi, akina Maria hawahesabiki. Mjukuu anakuja kuuliza, «Nkambo wangu ni yupi kati ya hawa?» Hatuna la kumjibu.

Jambo hilo ndilo lililobadili habari hii. Kwani katika nchi yetu jina si alama ya kumtenga mtu na mwenzake tu. Mtoto akizaliwa, wazee hutafuta ni nani aliyerudi. Akipewa jina la babu, basi bibi kizee humwita «mume wangu» na kumcheka, na baba yake mwenyewe humheshimu kidogo kwa namna ya pekee, kwa sababu amebeba jina la mzazi wake. Aliyekufa hajafa kabisa mradi jina lake linaitwa uani jioni. Aliyefutika jina ndiye aliyekufa.

Wageni wetu wataturudisha pengine katika siku za misioni ya kwanza, mwaka 1910, Wabenediktini wa Saint-André walipofika Katanga wakiongozwa na Padri Jean-Félix de Hemptinne, aliyekuwa baadaye Askofu wetu hata kufa kwake mwaka 1958. Tunawashukuru. Lakini habari ya wazee wetu haikuanza siku hiyo. Kule kaskazini, kwenye ziwa Kisale, mahali paitwapo Sanga, wataalamu walichimba makaburi ya kale: Jacques Nenquin mwaka 1957, kisha Pierre de Maret mwaka 1974. Walikuta wafu wamelazwa kwa heshima, wamezungukwa na vyungu vizuri vya udongo. Na katika makaburi ya kuanzia karne ya 13 au ya 14, wengine wamewekewa juu ya mwili misalaba midogo ya shaba. Tusiharakishe kusema kwamba walikuwa Wakristu bila kujua, kama wahubiri wengine wanavyopenda kusema. Misalaba ile ilikuwa mali, na baadaye ikawa fedha ya kununulia. Walimpa marehemu kitu cha thamani kuliko vyote walivyokuwa navyo, wakaufunika udongo. Hilo peke yake linatosha kutufundisha jinsi walivyowapenda wafu wao.

Na shaba ile ilitoka wapi kama si katika vilima vya ukanda huu wetu? Wazee walioyeyusha shaba waliitwa walaji wa shaba. Monsinyori de Hemptinne mwenyewe aliandika juu yao mwaka 1926, na tunamshukuru kwa kazi hiyo, hata kama katika mambo mengine ya watu wetu hakuwa na uvumilivu mwingi. Kazi yao ilikuwa ya kiangazi, mavuno ya mtama yakiisha. Wanaume walikwenda milimani, wanawake na watoto walikusanya mawe ya kijani, mafundi walijenga tanuru kwa udongo wa kichuguu, wakachoma makaa, wakavukuta kwa mivukuto ya ngozi. Kabla ya kuwasha moto, fundi mkubwa aliwaita kwanza mafundi waliomtangulia. Hakuthubutu kufanya kazi yao bila kuwataja. Anayeona hapo ushirikina tu, na atuambie yeye huanza kazi yake kwa kumshukuru nani.

Sasa tuingie katika neno gumu. Tunasema «tuwaheshimu bankambo». Bankambo wa nani? Katika viti vya kanisa letu wamekaa Basanga na Bayeke, pamoja na Baluba, Balunda, Babemba na watu wa Kasai walioletwa na kazi ya migodi. Katikati ya karne ya 19 Msiri alifika kutoka Unyamwezi, akafanya biashara ya shaba na pembe, akajenga ufalme wake Bunkeya. Kwa Bayeke yeye ni mfalme aliyekataa kuisujudia bendera ya Leopold. Tarehe 20 Desemba 1891 Kapteni Omer Bodson, wa msafara wa Stairs, alimpiga risasi. Bodson naye akapigwa na mtu wa mfalme, akafa. Kichwa cha Msiri kilikatwa, na mpaka leo hakijulikani kilipo. Kila mwaka, tarehe hiyo, watu hukusanyika Bunkeya kumkumbuka mfalme ambaye kaburi lake halina kichwa.

Lakini mwaka ule ule wa 1891 Basanga walikuwa wameshaasi juu yake, kwa kuwa utawala wake ulikuwa mzito, na wengi katika nchi walikuwa wameuzwa utumwani. Basi tulipokaa kuandaa sala za jubile, mzee mmoja alisema Msiri atajwe. Mzee mwingine akainuka, akachukua kofia yake, akatoka. Hatukumlaumu. Wa kwanza alikuwa anamlilia babu. Wa pili alikuwa anawalilia watu waliofungwa na babu huyo. Tulikaa kimya muda mrefu, hata mama mmoja akaanzisha rozari.

Shauri hili Kanisa limelikuta zamani. Katika nchi ya China mapadri waligombana miaka mingi kama Mkristu aweza kuinama mbele ya kibao cha jina la baba yake. Roma ilikataza, kisha tarehe 8 Desemba 1939 ikaruhusu. Kwetu, Padri Placide Tempels, Mfransisko, aliyefanya kazi huku Katanga, alitoa mwaka 1945 kitabu chake juu ya hekima ya Bantu, akieleza kwamba wafu na walio hai ni ukoo mmoja wenye uzima mmoja. Kitabu hicho hakikuwapendeza wakubwa wote. Baadaye, Kolwezi, mafundisho yake yakazaa Jamaa, na wazee wetu wengi walipitia humo. Tena tunapenda kumtaja Padri Charles Nyamiti wa Tabora, aliyefariki mwaka 2020, ambaye mwaka 1984 aliandika juu ya Kristu kama Nkambo wetu. Tabora ni Unyamwezi, nchi ile ile alikotoka Msiri. Njia moja ilileta mfalme mwenye bunduki, na baadaye ikaleta mwalimu mwenye kalamu.

Halafu, tarehe 30 Aprili 1988, Roma ilikubali Misale ya majimbo ya Zaire, kazi ambayo Kardinali Malula aliitamani miaka mingi kabla ya kufa mwaka 1989. Humo, mwanzoni mwa Misa, baada ya kuwaita watakatifu, tunawaita pia mababu wenye moyo mnyoofu. Papa Fransisko aliadhimisha Misa kwa utaratibu huo katika kanisa la Mtakatifu Petro tarehe 1 Desemba 2019, na tena tarehe 3 Julai 2022, na Wakongo wa Roma waliimba na kucheza mbele ya altare. Sisi tuliofundishwa utotoni kwamba mambo ya bankambo ni ya shetani tulisikia habari hiyo kwa machozi.

Tuangalie vema lakini: misale haisemi mababu wote. Inasema wenye moyo mnyoofu. Wala haituambii majina yao. Hapo wazee wetu wawili walipatana, baada ya siku nyingi. Hatutamtaja Msiri katika sala kama mtakatifu, wala hatutamtaja kama mlaaniwa. Hukumu ni ya Mungu. Tutawataja kwa sauti wale tunaowajua mwenendo, na kwa wengine tutanyamaza kidogo, kila mtu amweke wake moyoni. Wengine wameona suluhu hii ni dhaifu. Sisi tumeona ni ya kweli.

Wako wafu ambao kimya hicho ni chao kuliko wote. Karibu na Likasi uko mgodi wa Shinkolobwe. Urani ilivumbuliwa pale mwaka 1915, na katika vita vya pili vya dunia mawe yake yalikwenda Marekani. Sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilitoka huko. Katika mji wa Hiroshima liko sanduku la jiwe ambamo wameweka orodha ya majina ya waliokufa kwa bomu, na kila mwaka, siku hiyo, majina mapya huongezwa. Ni jambo jema sana. Lakini wale waliochimba mawe kwa mikono na kuyachagua, wakarudi kambini na vumbi nguoni, shirika liliwapa namba, na hatujaona jiwe lenye majina yao. Tunasema hivi pia juu ya wafanyakazi waliogoma Desemba 1941, wakapigwa risasi na askari, na juu ya wachimbaji walioangukiwa na mgodi huo huo wa Shinkolobwe Julai 2004. Kitabu cha Yoshua bin Sira, katika sura ya 44, kinawasifu wakubwa wa zamani, kisha kinawageukia wale wasioacha jina, waliopita kana kwamba hawakuzaliwa. Katekista wetu mmoja alikuwa akisoma sura hiyo kila tarehe 2 Novemba, na alipofika hapo sauti yake ilishuka.

Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilikataza majina ya ubatizo, ikataka kila raia achukue majina ya mababu. Kardinali Malula alipinga, akalazimika kukaa Roma kwa muda. Ilikuwa ajabu: daftari za kale zililiacha jina la nkambo, na serikali ikaliacha jina la mtakatifu. Watu walibeba yote mawili, moja mchana na jingine usiku, na baada ya 1990 wakayatamka tena pamoja bila hofu. Hatuoni sababu ya kuchagua kati yake.

Mulungwishi inajulikana mbali zaidi kwa shule za ndugu zetu Wamethodisti. Wao wameipa shule jina la Springer, askofu wao wa zamani, na hivi hata mtoto asiyejua habari zake hulitaja jina hilo kila asubuhi akienda kusoma. Sisi hatuna jengo la kuyapa majina yote tunayoyatafuta. Tumenunua daftari jipya, kubwa, lenye jalada gumu. Kila ukurasa una mistari miwili kwa mtu mmoja: jina la ubatizo, na jina la nyumbani likiandikwa kama wenyewe walivyolitamka. Wakatekista wa kwanza wameanza kuingizwa, na wake zao pia, maana wao ndio waliopika kwa ajili ya wakatekumeni na kulala njaa. Mzee aliyetoka na kofia yake alirudi Jumapili iliyofuata akaandikisha majina saba. Daftari liko sakristia. Mama anayelitunza hukaa pale baada ya Misa ya pili, na asiyejua kuandika atamwandikia.