Ndinga ya miaka 25 ghali kuliko mpya: Hiki ndicho kinachopanga bei ya Skyline GT-R, Supra na RX-7

Mwaka 2023, Nissan Skyline GT-R R34 ya bluu aliyoiendesha Paul Walker kwenye filamu ya Fast & Furious ya 2009 iliuzwa kwenye mnada wa Bonhams kwa Dola 1,357,000 za Marekani. Gari yenyewe ni ya mwaka 2000. Miaka miwili kabla ya hapo, Toyota Supra ya rangi ya chungwa iliyotumika kwenye filamu ya kwanza ya mfululizo huo ilipata Dola 550,000 kwenye mnada wa Barrett-Jackson, Las Vegas.

Utasema hizo ni gari za filamu, na ni kweli. Lakini hata R34 ya kawaida, ambayo mwaka 1999 ilianzia karibu yen milioni 5 ikiwa mpya Japani, leo inauzwa mara kadhaa ya bei hiyo.

Wengi wetu tumezoea kwamba gari ikitoka dukani inashuka thamani tu. Hizi zimegoma. Kwa nini? Na ukiambiwa "hii chuma ni dola elfu 80", utajuaje kama ni bei halali au unapigwa? Twende taratibu.

Gari zenyewe ni zipi?

Tunazungumzia gari za milango miwili za mwendo kasi zilizotengenezwa Japani kati ya mwishoni mwa miaka ya 1980 na 2002. Zinazotajwa zaidi ni hizi:

• Nissan Skyline GT-R: R32 (1989–1994), R33 (1995–1998) na R34 (1999–2002). Zote zina injini ya RB26DETT, silinda sita, lita 2.6, turbo mbili, na zinavuta magurudumu yote manne.

• Toyota Supra A80 (1993–2002): yenye thamani zaidi ni ya injini ya 2JZ-GTE, lita 3.0, turbo mbili.

• Mazda RX-7 FD: injini ya rotari ya lita 1.3, haina pistoni. Uzalishaji uliisha 2002.

• Honda NSX (1990–2005): bodi ya aluminiamu, injini katikati. Dunia nzima zilitengenezwa zaidi ya 18,000 tu.

Skyline, Supra na RX-7 ziliacha kutengenezwa mwaka mmoja, 2002, kwa sababu kanuni mpya za moshi za Japani zilizikuta na injini za zamani. Kuanzia hapo idadi haiongezeki. Inapungua tu kila moja inapogongwa, kuoza kwa kutu au kufunguliwa spea.

Bei hupita hatua tatu

Hatua ya kwanza ni ya gari zote: inanunuliwa mpya, inashuka. Ya pili ni kipindi kibaya zaidi, pale inapokuwa "gari kuukuu" tu. Vijana wanainunua kwa bei poa, wanaifunga turbo kubwa, wanaiteleza kwenye kona, wanaiua. Gari nyingi zilifia hapa.

Hatua ya tatu inakuja pale zilizobaki nzima zinapokuwa chache na waliokuwa wakizitamani utotoni wameshapata mkwanja. Hapo bei inageuka.

Kizazi hicho kinajulikana. Ni waliocheza Gran Turismo, mchezo wa PlayStation uliotoka Japani Desemba 1997, wakaangalia The Fast and the Furious ya 2001. Mtoto wa miaka 12 wakati huo leo ana kazi, na pengine nyumba. Ile gari ya kwenye skrini sasa anaweza kuinunua.

Sheria ya miaka 25: Hapa ndipo bei inapopaa

Skyline GT-R haikuwahi kuuzwa rasmi ikiwa mpya Marekani. Na sheria ya huko inazuia kuingiza gari ambayo haikutengenezwa kwa viwango vyao vya usalama, mpaka itimize miaka 25 tangu itengenezwe. Ikishatimiza, inaruhusiwa. Ikiingizwa kinyemela kabla ya hapo, mamlaka zinaweza kuikamata, hata kuiharibu.

Hesabu yake ni ya mwezi, siyo mwaka tu. Ndiyo maana:

• R32 za kwanza (1989) zilianza kuingia Marekani 2014.
• R34 za kwanza (Januari 1999) zilianza kuingia Januari 2024.
• R34 za mwisho (2002) zinafikisha umri mwaka 2027.

Elewa maana yake sokoni. Siku moja wanunuzi ni Wajapani, Waingereza, Waaustralia na wengine wachache. Siku inayofuata Mmarekani naye yupo mnadani na dola zake. Gari ni zilezile, wanaozitaka wameongezeka.

Wafanyabiashara wanalijua hili, kwa hiyo hawasubiri. Wengine hununua miaka kadhaa kabla na kuihifadhi gari Japani. Matokeo yake, bei mara nyingi hupanda kabla ya tarehe yenyewe. Anayenunua siku mlango unapofunguliwa, kwa kawaida ameshachelewa.

Yen nayo ina mkono wake

Mwanzoni mwa 2021, dola moja ilikuwa karibu yen 104. Katikati ya 2024 ilipita yen 160. Gari ya yen milioni 10 iliyokuwa kama Dola 96,000 ikawa kama Dola 62,500, bila muuzaji kupunguza hata yen moja.

Kwa hiyo ukisikia bei Japani imepanda, uliza imepanda kwa yen au kwa dola. Mara nyingine kwa Mjapani ni ghali zaidi, na kwa mgeni ni nafuu.

Gari mbili za aina moja, bei tofauti kabisa. Kwa nini?

1. Toleo. R34 GT-R zilitengenezwa zaidi ya 11,000, lakini toleo la mwisho la Nür la 2002 ni kama 1,000 tu. RX-7 Spirit R, nayo ya 2002, ni 1,500. Wanaokusanya gari hutaka toleo la mwisho au lililo chache, na wanalilipia.

2. Gia. Supra turbo ya gia za mkono, sita, ni mali nyingine kabisa ukilinganisha na ya otomatiki. RX-7 na NSX ni vivyo hivyo. GT-R haina shida hiyo kwa sababu zote ni gia za mkono.

3. Uasili. Hapa ndipo wengi wanapoumia. Umeifunga turbo kubwa, rimu za bei mbaya na mfumo mpya wa moshi, unadhani umeongeza thamani. Mnunuzi makini yeye anauliza: "Vya kiwandani viko wapi?" Ukiwa navyo stoo, una nafuu. Ukiwa umeviuza, bei inashuka.

4. Kutu. Skyline hushambuliwa kwenye vikombe vya shokomzoba za mbele, vizingiti vya milango na sakafu. Rangi mpya inaficha. Ndiyo maana fundi anayeijua gari hii anaanza kuikagua kwa chini, siyo kwa juu.

5. Makaratasi. Kitabu cha sevisi, risiti, karatasi ya mnada wa Japani. Kilometa chache bila ushahidi ni maneno tu.

Jihadhari: si kila yenye nembo ya GT-R ni GT-R

Skyline za kawaida za milango miwili zilikuwepo nyingi na zinafanana na GT-R kwa umbo. Mtu anaweza kubandika bampa, mabawa na nembo, akaiuza kwa bei ya GT-R.

Usiangalie nembo, angalia herufi za mwanzo za namba ya chesisi:

• GT-R R32: BNR32
• GT-R R33: BCNR33
• GT-R R34: BNR34

Ukikuta ER34, hiyo ni R34 ya kawaida, hata ikiwa na turbo. HCR32 na ECR33 nazo si GT-R. Siyo gari mbaya, ila bei yake si hiyo.

Kwa Supra mtego ni mwingine. Ya turbo na isiyo na turbo zote huanzia JZA80, kwa hiyo hapo namba peke yake haitoshi. Wapo waliochukua isiyo na turbo (2JZ-GE) wakaipandikiza injini ya 2JZ-GTE. Inakimbia vizuri tu, lakini sokoni haihesabiwi kama iliyozaliwa na turbo.

Jinsi ya kusoma bei bila kudanganywa

Bei ya tangazo si bei ya soko. Mtu anaweza kuandika anachotaka. Gari ikikaa kwenye tangazo miezi minane, soko limeshamjibu. Tafuta bei ambazo gari ziliuzwa kweli, hasa za minada inayotangaza matokeo.

Rekodi si wastani. Mwaka 2019 Supra ya 1994 iliyotembea kama maili 11,000 tu iliuzwa Dola 173,600 kwenye mnada wa RM Sotheby's. Kesho yake kila mwenye Supra alijiona milionea. Lakini ya maili laki moja, rangi imerudiwa, si gari ileile.

Angalia ada. Bei nyingi zinazotangazwa na nyumba za mnada zinajumlisha ada ya mnunuzi. Aliyeuza hakupata zote.

Jua daraja. Kampuni ya bima ya Hagerty ya Marekani hupanga gari za wapenzi kwa madaraja manne, kuanzia 1 (kama ya maonyesho) hadi 4 (inatembea lakini ina kasoro). Modeli moja inaweza kuwa na bei nne. Ukitajiwa bei, uliza ni ya daraja lipi.

Kwenye karatasi ya mnada wa Japani, alama hupanda na ubora: 4 au 4.5 ni gari nzuri. Ukikuta herufi R au RA, ujue imewahi kugongwa na kutengenezwa. Karatasi iko kwa Kijapani, kwa hiyo itafsiriwe na mtu asiye na maslahi na muuzaji.

Vipi huku kwetu?

Ukiwa Kenya, njia ya kawaida imefungwa: gari iliyotumika ikizidi miaka 8 hairuhusiwi kuingizwa. Uganda ilipitisha sheria mwaka 2018 inayokataa zenye miaka 15 na zaidi. Tanzania haijafunga mlango, lakini gari kuukuu inabeba ushuru wa ziada kwa sababu ya umri, kwa hiyo kabla hujatuma hela Japani, piga hesabu ya bandarini kwanza.

Ila tusijione wageni kwenye habari hii. Datsun 240Z, nayo ya milango miwili, ilishinda Safari Rally mwaka 1971, kisha 1973 ikiwa mikononi mwa Shekhar Mehta wa Kenya. Toyota Celica GT-Four ilishinda 1990, halafu mfululizo kuanzia 1992 hadi 1995, na ushindi wa 1994 ulikuwa wa Mkenya Ian Duncan. Barabara zetu ni sehemu ya jina la gari hizo.

Na jina lina bei. Januari 2020, Datsun 240Z ya 1971 iliyotunzwa vizuri mno iliuzwa Dola 310,000 Marekani. Celica GT-Four bado iko chini sana ya Supra turbo. Kama kwenu kuna moja imefunikwa turubai nyuma ya nyumba, usiikimbilie kuiuza kwa kilo.

Kwa hiyo ni uwekezaji?

Jibu fupi: usiweke hela ya ada ya mtoto.

Gari hailipi kodi kila mwezi kama nyumba. Inakula bima, maegesho, matairi na spea. RX-7 hasa inahitaji akiba ya injini, maana sili za rotari huisha, na kuzibadilisha ni kufungua injini yote. Nissan, kupitia NISMO, ilianza kutengeneza upya spea za R32 mwishoni mwa 2017, na Toyota ikafuata na spea za Supra mwaka 2020. Hilo limesaidia, lakini bei zake si za Kariakoo wala Kirinyaga Road.

Tena soko hupanda na kushuka. Kipindi cha 2021 na 2022 gari nyingi za aina hii zilifika juu mno, halafu nyingi zikapoa. Aliyenunua kileleni kwa mkopo anajua machungu yake.

Na kuuza si siku moja. Kiwanja unaweza kukiuza mtaani kwako. R34 inahitaji mnunuzi mwenye pesa, anayeijua na anayeiamini. Huyo anaweza kuwa bara jingine.

Ukiipenda, nunua iliyo nzima kuliko zote unazoweza kumudu, yenye makaratasi, na uhifadhi kila kitu cha kiwandani unachokifungua. Bei ikipanda, utakuwa na cha kuuza. Ikishuka, utabaki na gari unayoipenda. Lakini kama huipendi na unafuata faida tu, siku soko likipoa utabaki na bili.