Preta: Mzuka, Mzimu au Aliyetangulia?

Siku ya kumi baada ya kifo, kwenye ngazi za mto Godavari mjini Nashik, India, jamaa wa marehemu Mhindu huweka tonge la wali, kisha husogea nyuma na kumngojea kunguru. Kunguru akilidonoa, watu hushusha pumzi. Asipolitaka, mmoja wao huanza kumwahidi marehemu kwa sauti: binti yako tutamwoza, deni lako tutalilipa. Kunguru akiendelea kuringa, hutengenezwa kunguru wa nyasi za darbha, naye ndiye hugusishwa tonge.

Marehemu huyo anayengojewa aridhike huitwa preta. Mfasiri akikutana na neno hilo, kalamu humponyoka akaandika “mzuka”. Mzuka huzuka: humtokea mtu gizani, humtisha, hutoweka. Preta hajazuka popote, ameondoka. Kwa Kisanskriti pra ni mbele, na ita ni aliyekwenda. Tunaposema fulani ametangulia mbele ya haki, nusu ya tafsiri tumeshaitamka. Tatizo ni kwamba “mtangulizi” tumeshampa aliyekalia kiti cha ofisi kabla yetu, na “marehemu” hubeba rehema za Mungu, ambazo hazimo katika neno la asili.

Tena preta ni hali ya kupita tu. Mwili wa nyama umechomwa, na roho haina pa kukaa. Garuda Purana, kitabu kinachosomwa siku za matanga, kinaeleza jinsi mwili mwingine unavyojengwa kwa matonge, moja kila siku. La kwanza huunda kichwa, yanayofuata huunda viungo vingine, na la kumi huleta njaa na kiu. Ndipo preta anapoweza kusafiri mwaka mzima hadi kwa Yama, mfalme wa wafu, akivuka mto Vaitarani unaotiririka damu na usaha.

Tonge hilo huitwa pinda. Liandike hivyo kwenye makala ya Kiswahili, na msomaji ataanza kutafuta kilichopindwa. Wengine wangesema “donge”, lakini donge laweza kuwa la damu au la udongo. Tonge hufinyangwa kwa vidole ili liliwe.

Kisha huja sapindikarana, ibada iliyokuwa ikifanywa baada ya mwaka na ambayo siku hizi wengi huifanya siku ya 12. Tonge la preta hukatwa vipande vitatu na kuchanganywa na matonge ya baba yake, babu yake na baba wa babu yake. Hapo preta amekwisha. Sasa ni pitri. Kwa pitri sisiti: ni mzimu. Ana ukoo wake, hupokea tambiko, hukasirika akisahauliwa. Najua wapo watakaosikia ushirikina katika neno hilo, lakini kosa hilo ni la masikio. Preta mwenyewe ningemwacha na jina lake, nimfafanue mara moja kuwa “aliyetangulia asiyefika”. Koma, roho ya marehemu kwa Wamijikenda, anayekuja ndotoni kudai chakula, anamkaribia sana, ila koma hatarajiwi kuacha kuwa koma.

Vipi basi roho hiyo hiyo izaliwe upya, kama Bhagavad Gita inavyofundisha, na bado ilishwe wali? Wahindu wamebeba mafundisho yote mawili kwa karne nyingi, na siku za Pitru Paksha, majira ya kuwakumbuka mapitri, matonge hufinyangwa vilevile.

Linalonikwamisha ni neno jingine. Pitri mpya akiingia miongoni mwa wale watatu wanaopewa matonge, wa juu kabisa husukumwa akawa wa nne, na tonge lake hukoma. Sheria za Manu humwachia kile kinachonata viganjani mwa mfinyanzi wa matonge, kinachopanguswa kwenye nyasi. Huitwa lepabhagin, mwenye fungu katika kilichonata. Nilijaribu “mla makombo”, nikafuta: makombo huachwa na aliyekwisha kula, na hapa hakuna aliyekula bado.