Chuo cha Berea na Benchi la Weusi na Weupe

Mara nyingi watu wakiisifu shule husifu majumba yake, au wingi wa vitabu vyake, au vyeo walivyopata waliosoma humo. Wachache huuliza: Ni watoto wa nani walioketi humo pamoja, nao walikaaje? Sisi walimu twaona kuwa swali hili ni kubwa, maana wanafunzi hufundishana wao kwa wao mambo mengi yasiyoandikwa ubaoni. Basi leo twataka kuwasimulia wasomaji wetu habari za chuo kidogo cha Marekani, kiitwacho Berea, kilichoko katika jimbo la Kentucky, karibu na milima ya Appalachia.

Aliyekianzisha ni mchungaji John Fee. Alizaliwa Kentucky mwaka 1816 katika nyumba yenye watumwa. Alipokuwa akisomea uchungaji alisadiki kuwa utumwa ni dhambi, akasema hivyo waziwazi, na kwa sababu hiyo baba yake akamnyima urithi. Mwenye mashamba mmoja, Cassius Clay, aliyeuchukia utumwa pia, akampa kiwanja, na mwaka 1855 shule ikaanza katika jengo la chumba kimoja. Fee akapaita mahali pale Berea, kwa jina la mji ule wa Matendo ya Mitume ambao watu wake walisifiwa kwa kuyachunguza mambo wenyewe. Neno kuu la chuo nalo limetoka katika sura iyo hiyo, ambamo Paulo aliwafundisha watu wa Athene kwamba mataifa yote ni ya damu moja.

Katika nchi ya watumwa neno hilo halikuwa jepesi. Mwezi wa Desemba 1859 watu wenye silaha, wapatao 60, walifika Berea juu ya farasi, wakawaamuru Fee na wenzake watoke katika jimbo kabla ya siku kumi kwisha. Wakatoka. Vita ya wenyewe kwa wenyewe ilipokuja, Fee alikwenda kambi iliyoitwa Camp Nelson, akawafundisha askari Weusi kusoma na kuandika. Mmoja wa askari hao, Angus Burleigh, alimfuata Berea baada ya vita, akaingia shuleni mwaka 1866, na mwaka 1875 akahitimu.

Siku Weusi wa kwanza walipoingia darasani mwaka ule wa 1866, wanafunzi Weupe wengi waliinuka wakatoka nje. Walimu hawakubadili neno lao kwa ajili ya hayo. Wengine Weupe wakaja, na Weusi wakazidi kuja, hata katika mwaka ule wa kwanza hesabu ya wanafunzi ikawa 187: Weusi 96 na Weupe 91. Wengi wao walikuwa katika madarasa ya chini, wakijifunza kusoma na hesabu, maana huru wa jana na maskini wa milimani wote walikuwa hawajapata shule. Masomo ya juu yalianza baadaye kidogo.

Walikaaje? Walisoma darasa moja, wakala katika chumba kimoja, wakalala katika mabweni yale yale. Kazi za mikono, ambazo wanafunzi walizifanya ili wapate gharama zao, hazikuwekwa upande mmoja kwa Weusi na upande mwingine kwa Weupe. Tena wapata mwaka 1870 bibi mmoja Mweusi, Julia Britton, alifundisha muziki huko, na wanafunzi Weupe wakajifunza kwake. Tukumbuke kwamba miaka mitano au sita tu ilikuwa imepita tangu watu weusi wa Kentucky walipokuwa wakinunuliwa na kuuzwa. Hali hii ilidumu karibu miaka 40, na kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo Weusi walikuwa wengi kuliko Weupe.

Sasa twafika mahali panapotaka kutazamwa sana. Wengi husimulia kwamba Berea iliharibiwa na sheria ya mwaka 1904. Ni kweli, lakini si kweli yote. Mwaka 1892 chuo kilipata mkuu mpya, William Frost. Huyu aliwahurumia Weupe maskini wa milimani, akasafiri huku na huku akiwaombea fedha kwa matajiri wa kaskazini. Fedha zikaja, majengo yakaongezeka, na wanafunzi Weupe wakawa mamia. Lakini Weusi hawakutafutwa kwa bidii ile ile, hata wakawa sehemu ndogo tu ya shule. Hakuna aliyewafukuza. Ila mwaka hata mwaka viti vyao vilipungua, na walioona walinyamaza, maana chuo kilikuwa kikistawi. Wazee walisema: Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ukuta ukaja kuanguka. Mwaka 1904 mjumbe mmoja wa bunge la Kentucky, Carl Day, alileta sheria ya kukataza Weusi na Weupe kusoma pamoja. Shule itakayokaidi itozwe dola 1,000, na ikitaka kuwafundisha Weusi mahali pengine, mahali hapo pawe mbali maili 25 au zaidi. Katika jimbo lote shule ya namna hiyo ilikuwa Berea peke yake. Chuo kikashtakiwa, na kesi ikapanda mpaka mahakama kuu ya Marekani. Mwaka 1908 mahakimu wakaamua kwamba chuo kilipewa hati yake na serikali ya jimbo, na kwamba aliyetoa hati aweza kuibadili. Hakimu John Marshall Harlan, mwenyeji wa Kentucky, akakataa. Aliuliza: kama jimbo laweza kukataza hili, litashindwaje kuwakataza Weusi na Weupe kukaa pamoja katika shule ya Jumapili, au hata kwenye meza ya Bwana? Lakini sauti yake haikutosha.

Wanafunzi Weusi wakaondoka. Chuo kiliwalipia wengine nauli ili waende katika vyuo vya Weusi, kisha kikasaidia kukusanya fedha za kujenga shule ya Lincoln Institute, iliyofunguliwa mwaka 1912. Hayo yalikuwa mema, lakini hayakuwa benchi moja.

Hasara yake yaweza kupimwa kwa mtu mmoja. Carter Woodson, mwana wa watu waliokuwa watumwa, alifanya kazi katika machimbo ya makaa ya mawe kabla ya kupata elimu. Alihitimu Berea mwaka 1903, mwaka mmoja tu kabla ya sheria ile. Ndiye aliyeanzisha mwaka 1926 juma la kukumbuka historia ya watu weusi, ambalo sasa ni mwezi mzima. Kama angalichelewa kidogo, angaliukuta mlango umefungwa.

Sheria ililegezwa mwaka 1950, na Weusi wakaanza kurudi, mmoja mmoja. Chuo kingali kidogo, chenye wanafunzi wapatao 1,500. Huchagua vijana wa jamaa wasio na mali, huwasamehe ada ya masomo, na kila mmoja hufanya kazi saa 10 au zaidi kwa juma. Wamo wa milimani, wamo Weusi, wamo wa nchi nyingi za mbali. Ilichukua miaka 46 kuufungua mlango, na miaka mingi zaidi kuvijaza tena viti.

Twajifunza nini? Kwamba umoja wa wanafunzi haulindwi na neno zuri lililoandikwa juu ya mlango. Neno la Berea halikufutwa wakati wowote. Lilikuwapo hata katika miaka ile ambayo hakuna Mweusi aliyesoma humo. Basi ninyi wazazi, na ninyi wazee wa kamati za shule, msingoje sheria mbaya ndipo mlie. Ingieni darasani, mtazame mabenchi, mwulize ni watoto wa nani waliokuwapo mwaka jana ambao mwaka huu hawapo, nanyi mwatafute wangali karibu.